Ufundi wa Kubadili Jambo Moja

Riwaya za historia mbadala hazina heshima kubwa kwa wasomi wetu. Huonekana mchezo wa watu wasio na kazi: Hitler angeshinda ingekuwaje, basi. Mimi nazitetea, hasa zile za wavamizi kutoka nyota za mbali, kwa kuwa masharti yake ni magumu kuliko ya riwaya ya kawaida. Mwandishi ana ruhusa ya kubadili jambo moja tu. Akishalibadili, uhuru wake umekwisha. Yote yanayofuata sharti yatokane na hilo.

Harry Turtledove, Mmarekani aliyesomea historia ya Bizanti, aliyatii masharti hayo katika mfululizo wa Worldwar ulioanza mwaka 1994. Viumbe wenye magamba wanaivamia dunia mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto. Chombo chao cha upelelezi kilipita karne nane nyuma kikawapelekea picha ya askari juu ya farasi, upanga mkononi. Kwao mambo hubadilika polepole mno, hivyo wamekuja kupigana na mapanga, wanakuta vifaru. Silaha zao ni bora kuliko zetu, ila hesabu waliikosea. Halafu kuna tangawizi. Hii hii tunayotia kwenye chai, wao wakiilamba inawalevya wasiweze kuiacha, na jeshi lile la kutisha linaoza kwa ndani, askari mmoja mmoja akimsaka mwuzaji. Mtunzi asiye fundi angebuni sumu ya maabara. Huyu alifungua kabati la jikoni.

Vita vinakwisha bila mshindi kamili, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kutunga mapigano si kazi. Kazi ni kutunga miaka ishirini baadaye, adui amekuwa jirani, na vijana wa kibinadamu wananyoa vichwa na kujipaka rangi mwilini ili wafanane naye.

Lakini visome vitabu hivyo ukiwa Mulungwishi, kwenye misheni ya Wamethodisti upande wa Likasi, hapa Katanga, Kongo, uone pengo. Afrika inaangukia mikononi mwa wageni, na hadithi inakwenda kwingine. Shinkolobwe, jirani yetu, ina nafasi gani humo? Mgodi ule wa urani ulifungwa mwaka 1937, lakini Edgar Sengier wa kampuni ya migodi ya Union Minière alikwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini yake kufikia mwaka 1940, na mwaka 1942 Wamarekani wakayanunua kwa ajili ya bomu. Mtu wa hapa angeanzia shimo hilo: wavamizi wametua, nani analishika?

Na tuna mtaji mkubwa zaidi. M'siri, mtawala wa zamani wa huku, mwenyewe alikuwa mgeni, mfanyabiashara kutoka Usumbwa, Tanzania ya leo. Akaitawala nchi ya watu wengine, na mji wake ukawa Bunkeya. Mwaka 1891 Wasanga, wenyeji aliowatawala, walikwisha kumwasi. Mwishoni mwa mwaka huo ukafika msafara wa William Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wapagazi na askari wake wengi wakiwa wamekodiwa Zanzibar. Waliokuja na bendera ngeni walisema Kiswahili. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson akampiga M'siri risasi. Bodson naye akapigwa palepale, akafa. Mrithi, Mukanda-Bantu, akakaa na Wabelgiji, watu wake wakawapigania dhidi ya Wasanga. Mvamizi juu ya mvamizi, na wote wakabaki kuishi pamoja. Turtledove hakuhitaji kubuni, angesafiri tu.

Watu wa Katanga nao hawakungoja vitabu. Katika miji ya migodi walisimulia habari za mutumbula, mtu anayetumwa na wazungu usiku kukamata weusi, wanenepeshwe kama nguruwe, waliwe. Wakubwa wa kampuni waliziita ujinga. Mimi naona ni ubunifu wa hali ya juu: msimulizi alibadili jambo moja, akaacha mengine yote kama yalivyo, kampuni, usiku, mshahara, mwenzetu aliyetoka asirudi. Msikilizaji aliyafahamu hayo yote, ndiyo maana aliogopa.

Leo malori ya shaba na kobalti yanashuka kutoka Fungurume, mgodi ulio chini ya kampuni ya Kichina tangu 2016, na ujirani mwingine mgumu unaendelea bila mwandishi. Enyi vijana wa Mulungwishi mnaoandika, shikeni kalamu. Risasi ya Bodson na ikose. Msibadili kitu kingine chochote: Wasanga bado wanaasi, Zanzibar bado inakodisha watu, shaba bado iko ardhini. Kisha mtuandikie mwaka 1911 katika Bunkeya ileile, nani anakula na nani, na nani anamtafsiria nani.