Kila Chanzo na Neno Lake

Katika stesheni ya reli ya TAZARA hapo Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, nalimsikia mzee mmoja, mkulima wa mpunga na ufuta, akimwambia mjukuu wake, mabehewa yalipokuwa yakijikokota kuondoka, "Haya, mjukuu wangu, limeng'oa nanga." Bahari i mbali na Kisaki, wala sidhani kwamba mzee yule alipata kuona jahazi likitweka tanga, lakini neno la mabaharia lilipanda bara pamoja na misafara, ile iliyokuwa ikituama Zungomero katika nchi hiyo ya Wakutu, walikopita Burton na Speke mwaka 1857, likafanya maskani vinywani mwa watu wa bonde la Mgeta.

Mzee yule alikuwa fundi wa fani isiyo na karakana wala chombo, nayo ni kujua kila jambo huanzaje, na kulipa neno linalolistahili. Kwake mwezi huandama na siku hupambazuka. Mtoto huota meno, binti huvunja ungo, ugomvi huzuka. Naye msafiri hufunga safari kwanza, ndipo hushika njia. Hata vita vya Wadachi na Waingereza alivigawia vyanzo vyake kwa insafu: vilizuka kwingine, mwaka 1914, na hapo Kisaki, Septemba 1916, vilipamba moto.

Akasimulia habari ya mwanamke wa kijijini kwao aliyeletewa tanzia ya mwanawe. Alimwitikia mjumbe kwa upole, akaketi, akaomba maji, akakishika kikombe asinywe, akauliza kama mbuzi wamekwisha kufungwa. Kisha akaangua kilio. Msikilizaji hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kumjulisha ya kwamba kilio kilikuwamo kifuani tangu mjumbe alipobisha hodi, kikizuiliwa kwa adabu, hata nguvu ya kukizuia ikaisha. Lau mzee angalisema kwamba mama yule "alianza kulia," angalitupa wakati wa tukio tu, na tukio lenyewe likatupita.

Simo katika kukilaumu kitenzi kuanza, ambacho ni kikongwe na mchapakazi. Mtu akisema wameanza kupalilia, amesema sawasawa. Wahungari nao wana kezd yao ya matumizi ya kila siku, mtu aanzapo kazi, na kezdődik kwa jambo lijianzalo lenyewe, kama somo. Lakini mtu akibubujikwa na machozi ghafla wana usemi wake, elsírta magát, wala hawakuuacha kwa sababu tu kezd i karibu zaidi na ulimi.

Sisi ndio tulioacha. Siku hizi mwezi umeanza, safari imeanza, ugomvi umeanza, kilio kimeanza, kana kwamba mambo yote ya ulimwengu hufunguliwa kwa kengele moja ya shule. Na mwandishi wa gazeti atakapo kupamba kidogo, basi kila ligi itang'oa nanga juma hili na kila mashindano yatatimua vumbi juma lijalo, mpaka maneno mawili yaliyokuwa na chumvi yakachujuka kwa kutumiwa bila kufikiriwa. Mwanafunzi aandikaye "alianza kulia" hupewa alama zake kamili, maana sarufi imetimia, na aghalabu hakuna amwulizaye kilio hicho kilikuwa cha namna gani.

Kamusi zitayahifadhi maneno haya, sina shaka. Ila kamusi haimfundishi mtu saa ya kuyatumia. Maarifa hayo hupatikana kwa kuketi jioni nyingi karibu na wenye kuyatumia, bila haraka na bila kuwakatiza. Na baraza za namna hiyo tumezihama wenyewe, hakuna aliyetufukuza, tukijisifu kwamba tumeanza maisha mapya.