Herufi Zinazotangulia Namba katika Nishani za Australia

Serikali ya Uingereza, ilipozigawa nishani za Vita Kuu ya Pili, haikuona haja ya kuchora majina ya waliozistahili, na kwa hiyo Nyota ya Burma aliyopewa askari wa King's African Rifles aliyepigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 haina tofauti yoyote na ile ya afisa wake Mwingereza, na ikishatoka mikononi mwa jamaa zake hapana tena njia ya kumjua mwenyewe. Australia, India na Afrika Kusini zilifuata kaida nyingine, zikachora. Afrika Kusini ina habari zake, hasa ile N ya Waafrika wa Native Military Corps, waliopelekwa vitani pasipo kukabidhiwa bunduki. Lakini mimi nimeichagua Australia, kwa kuwa wachoraji wake walibania maneno kupita kiasi. Nyuma ya nyota, au ukingoni mwa nishani ya mviringo, utaona namba, herufi za kwanza za majina, na jina la ukoo, basi. Cheo hakuna, kikosi hakuna. Msomaji atakaye zaidi hana budi kuzihoji zile herufi chache zilizotangulia tarakimu.

Herufi ya kwanza ni ya jimbo: N ni New South Wales, V ni Victoria, Q ni Queensland, S ni South Australia, W ni Western Australia, T ni Tasmania, na D ni Northern Territory, ambako uko mji wa Darwin. Faida yake ni dhahiri, maana kila jimbo lilikuwa na hesabu yake, na pasipo herufi watu kadha wangalichangia namba moja. Jenerali Thomas Blamey, aliyekabidhiwa divisheni ya kwanza ya jeshi la ng'ambo mwaka 1939, alikuwa VX1. Lakini herufi hiyo hutaja mahali mtu alipoandikishwa, wala si alikozaliwa, na hapa hupotea wengi. Vivian Bullwinkel, yule muuguzi aliyesalimika peke yake miongoni mwa wauguzi wenzake waliopigwa risasi na Wajapani katika ufuko wa kisiwa cha Bangka, Februari 1942, alikuwa mzaliwa wa Kapunda, South Australia. Hata hivyo namba yake ni VFX61330, kwani aliandikishwa Victoria, na ile F ya katikati ni alama ya wanawake.

X ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana ni herufi ya sheria. Aliyekuwa nayo alijitolea kwa hiari yake kupelekwa popote duniani. Asiyekuwa nayo alikuwa mgambo, ambaye sheria haikuruhusu apelekwe nje ya Australia na milki zake. Watu wa siku zile waliwabeza mgambo hao, na hata leo wako wanunuzi wa nishani wanaodhani kwamba namba isiyo na X ni ya mtu aliyekaa nyumbani. Dhana hiyo ni batili. Papua ilikuwa milki ya Australia, kwa hiyo batalioni ya 39, mgambo wa Victoria wenye V tupu, walipelekwa huko kihalali, na ndio waliowakabili Wajapani katika njia ya Kokoda mwezi wa Julai 1942, kabla wenye X hawajawasili kuwasaidia huko Isurava. Mwaka 1943 Bunge likaipanua mipaka ya mgambo katika Pasifiki ya kusini-magharibi, lakini hadi Ikweta tu. Kadhalika mgambo wengi walihamia jeshi la kujitolea vita vikiendelea, wakapewa namba mpya yenye X, hata mtu mmoja akaonekana mara mbili katika madaftari.

Kwa mujibu wa haya, Nyota ya Afrika ya askari wa nchi kavu yenye V tupu ina swali ndani yake, kwa sababu mgambo hawakupelekwa Tobruk wala El Alamein. Haifai kuihukumu papo hapo kuwa ya ghushi, kwani huenda mwenyewe alirejea kwao, akaachishwa jeshi, kisha akaandikishwa upya katika ulinzi wa nchi. Ila mnunuzi asitoe fedha zake kabla ya kulinganisha jina na namba zote mbili katika sajili.