Mizani na Orodha ya Herufi

Haskell, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mwaka 1990, husifiwa kwa unyofu: neno, kwa desturi yake, ni orodha ya herufi tu. Sifa hiyo naikubali nusu. Geuza orodha ya "nyumba", utapata "abmuyn", lisilotamkika. Ilhali mtoto wa pwani achezaye kinyume husema "mbanyu", kwani yeye hugeuza silabi.

Mhakiki wa mashairi hapa Eldoret atakaye kuhesabiwa mizani hana budi kwanza kuifunza programu silabi. Wala kazi hiyo si nyepesi. "Mbu" ana mizani mbili, "mbuzi" vilevile. Lakini katika neno la kwanza m husimama peke yake, katika la pili huungana na b. Kanuni ipimayo m kabla ya kuona mwisho wa neno itakosea.