Pedali Iliyopanda kwa Mkanyago wa Pili

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu inayoitwa 109 kwa sababu ya inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata changa yao sasa imevuka miaka 40. Hii ni ya mjomba wangu, na bado inabeba mahindi kutoka shambani. Ilirudi kutoka gereji ikiwa na silinda mpya za magurudumu na viatu vya breki vilivyopigwa laini mpya. Kazi ilionekana safi. Lakini ukikanyaga breki, pedali ilishuka hadi karibu na sakafu. Ukiachia na kukanyaga tena upesi, ilipanda na kuwa ngumu kama jiwe.

Gereji walitoa upepo mara tatu. Mafuta ya breki yakamwagika, pedali ikabaki vilevile.

Kosa lilikuwa kutosikiliza pedali inasema nini. Upepo ukibaki kwenye mabomba hubanwa na kutanuka, ndiyo maana pedali yenye upepo huhisi kama sponji chini ya mguu, na hata ukipampu ikapanda, ulaini ule haumaliziki. Pedali inayozama polepole huku mguu umetulia juu yake ni habari nyingine: mafuta yanapita mahali, ama yanavuja nje, ama mpira wa ndani ya masta silinda umechoka. Ya mjomba haikuwa laini wala haikuzama. Mkanyago wa kwanza haukutosha kufikisha viatu kwenye dramu. Wa pili ukamalizia. Hapo hakuna upepo wa kutafuta. Kuna nafasi kubwa mno.

Kila mkanyago, masta silinda husukuma kiasi kidogo tu cha mafuta. Kwenye 109, kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, moja kwa kila kiatu, na viatu vyote viwili hutangulia kuelekea dramu inakozunguka, hivyo dramu yenyewe huvivuta na kuzidisha nguvu ya breki. Mpangilio huo ni mzuri sana gari likienda mbele (likirudi nyuma mlimani nguvu hupungua, na dereva anapaswa kulijua hilo). Lakini silinda zikiwa nyingi, mapengo nayo huwa mengi, na kila pengo hudai mafuta yake kabla breki haijashika chochote.

Tulitafuta gurudumu lenye deni kubwa kwa kubana mipira ya breki. Hii ina mipira mitatu: miwili ya mbele na mmoja unaokwenda ekseli ya nyuma. Tulitumia vibanio vyenye midomo ya mviringo, kwa sababu koleo la kawaida huumiza mpira kwa ndani, na mpira uliopasukapasuka haufai kubanwa kabisa, huo ubadilishwe. Tulipobana yote, pedali ilikaa juu na ngumu, kwa hiyo masta silinda ilikuwa nzima. Tukaachia mmoja mmoja. Wa nyuma, pedali ikashuka kidogo. Wa mbele kulia, kidogo tena. Wa mbele kushoto, ikaporomoka.

Nyuma ya bamba la gurudumu hilo kuna boliti mbili za kurekebishia, kila moja ikizungusha kipande chenye umbo la konokono kinachosukuma kiatu kuelekea dramu. Moja ilikuwa imeshikwa na kutu. Fundi aliikaza, akahisi imegoma, akaamini kiatu kimefika. Kilichogoma kilikuwa kutu. Kipimo cha kweli si ugumu wa spana, ni gurudumu lenyewe: gari likiwa juu ya stendi imara, kaza mpaka gurudumu lisizunguke kwa mkono, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru.

Tuliloweka boliti kwa mafuta ya kulainisha kutu, tukihakikisha hata tone halifiki kwenye laini wala dramu, tukaizungusha mbele na nyuma hadi ikakubali. Kisha tukakaza viatu vyote vishike dramu na kutoa upepo mara moja ya mwisho vikiwa hivyo.  Baada ya hapo tukalegeza kila gurudumu. Pedali ilishika juu kwa mkanyago wa kwanza.

Hata hivyo gari halikupewa mzigo siku hiyo. Dramu iliyolika huwa pana kuliko umbo la kiatu kipya, kwa hiyo laini hugusa katikati tu mwanzoni. Tulilitembeza tupu kwa wiki moja, tukafungua dramu ya kushoto: alama ya kung'aa ilikuwa imeenea kutoka katikati kuelekea ncha zote mbili. Tukarekebisha boliti zote tena, na mjomba akaenda kupakia mahindi.