'Ndiyo' ya mzee si 'ndiyo' ya kijana: Lugha inavyopotosha takwimu

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini akiwa ameikumbatia tarakilishi yake. Alikuwa amewahoji watumiaji 240 wa pesa za simu mjini Nairobi na Lamu, kisha akayaingiza majibu katika programu ya mtandaoni ya kuchanganua data. "Prof, cheki hii," akasema, akabofya neno 'umri'. Papo hapo mihimili ya rangi ikachomoza: vijana huku, wazee kule.

Kwa mujibu wa chati ile, wazee wa Lamu ndio waliokatwa ada wasizozielewa kuliko kundi jingine lolote. Binti alikuwa ameshaandika sura nzima kueleza sababu: eti wazee hawasomi arafa, na kampuni zinawatumia vibaya.

Nikamwomba anionyeshe swali lenyewe. Lilikuwa hili: "Hujawahi kukatwa ada usiyoielewa?"

Hapo ndipo penye utata. Mzee aliyelelewa kwa Kiswahili akiulizwa swali la kukanusha huijibu kauli ya muulizaji. "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Anakubali kwamba ulivyosema ndivyo. Kijana wa Nairobi aliyefunzwa kwa Kiingereza tangu chekechea aghalabu atakwambia, "Hapana, sijala," au "Zii, bado." Wote wawili wana njaa ile ile! Programu nayo haikuingiziwa hilo 'sijala'. Iliingiziwa 'ndiyo' na 'hapana' tu, ikahesabu.

Tulisikiliza rekodi chache alizokuwa nazo. Wazee kadhaa walisema waziwazi, "Ndiyo, sijawahi," nao wakatiwa katika fungu la waliokatwa. Wengine walikuwa wamekatwa kweli. Nani ni nani katika yale mahojiano yasiyorekodiwa? Hatuwezi kujua tena, na sura nzima imeanguka.

Simkejeli binti huyu. Nilipoandika tasnifu yangu tulihesabu majibu kwa kalamu, mistari minne na mkato, na kosa kama hili lingetupita vilevile. Ila sisi tulichoka, na uchovu ulitulazimisha kuyasoma majibu moja baada ya jingine. Siku hizi mtu hubofya jinsia, akabofya umri, akabofya makazi, na chati haikatai kamwe. Hebu piga hesabu: watu 240, jinsia mbili, makundi manne ya umri, miji miwili. Hivyo ni visanduku 16, wastani wa watu 15 kila kimoja. Mtu mmoja akibadili jibu, asilimia inasogea kwa karibu pointi saba. Halafu tunaandika kwamba wanawake wa makamo wa Lamu 'wanapendelea' hiki au kile!

Tatizo haliishii kwenye maswali ya kukanusha. Muulize mtu wa Pwani kama ameridhika na huduma, atakujibu "Alhamdulillahi" hata kama jana alipigana na wakala. Adabu ya maamkizi imetufunza kusema 'nzuri' kwanza, malalamishi baadaye. Ile mizani ya ngazi tano tuliyorithi kutoka kwa Mmarekani Rensis Likert, aliyeitoa mwaka wa 1932, haina ngazi ya 'nzuri' ya adabu. Mtafiti hutia alama kwenye 'nimeridhika', akaondoka.

Watafiti wa Afrobarometer, ambao data yao yeyote anaweza kuichanganua mtandaoni kwa umri, jinsia na makazi, hurekodi pia lugha iliyotumika katika kila mahojiano. Safu hiyo moja ina thamani kubwa. Kwa nini hojaji nyingi za vyuo vyetu hazina? Na kwa nini Kiswahili cha hojaji hupewa yeyote aliye karibu aitafsiri usiku mmoja, ilhali hesabu hutafutiwa mtaalamu wa kulipwa?

Juma lijalo binti anarudi Lamu. Swali sasa linaanza na 'Je, umewahi', na nauli tumechangia nusu kwa nusu.