Mtungi Nao Una Tarehe

Afisa wa kikoloni alihesabu vibanda ili atoze kodi. Nani aliamka alfajiri kufuata maji, mboga gani ilipikwa, mgeni alilazwa wapi: hayo daftari lake halikuyauliza. Ndiyo maana namheshimu mwanahistoria anayeingia katika nyumba hizo kwa subira.

Felicitas Becker ni mmoja wao. Kitabu chake cha mwaka 2008, kinachoeleza jinsi Uislamu ulivyoenea Tanzania bara, kimejengwa juu ya mazungumzo na wazee wa vijiji vya kusini-mashariki, yakipimwa kwa majalada ya serikali. Humo wanakijiji wa kawaida ndio wanaoipokea dini, wanaibishania na kuikalisha majumbani mwao. Jalada peke yake lisingetuonyesha hilo.

Ufundi huu unataka jicho la kupima kila shahidi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala kukusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Alimtazama mama mfinyanzi akifanya kazi kwa gunzi la mahindi, kipande cha kibuyu na kokoto laini, akaandika hatua kwa hatua. Ni hazina. Lakini alikuja na askari, wakati moto wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani ulikuwa haujapoa. Msomaji makini huchukua habari za chungu, kisha hujiuliza mama yule angeweza kumkatalia nani.

Ugumu mwingine ni tarehe. Wazee wengi hawakuandikiwa mwaka wa kuzaliwa, wala wa kuolewa. Hapo ndipo maji yanaposaidia. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Kwa vizazi wanawake walishuka mabondeni na kupanda na mitungi kichwani, hadi mradi wa maji ya bomba ulipoanza kuyapandisha miaka ya 1950. Ukimuuliza bibi alichota wapi siku za mwanzo za ndoa yake, amekupa kipindi, umbali na mgawanyo wa kazi nyumbani, bila kukumbuka mwaka hata mmoja. Swali dogo, lililoulizwa kwa adabu, limefanya kazi ya kalenda.

Wanafunzi wa Newala na Masasi, kazi hii haidai shahada. Muulizeni bibi jina la kisima alichochotea, nani aliandamana naye, na mtungi ulifinyangwa na nani. Andikeni jina lile kama alivyolitamka, na tarehe ya siku mliyoongea.