Gaim Ilivyohama Bila Kupoteza Mzigo

Mwaka 2007 programu huria ya kutumiana ujumbe, Gaim, iligeuka Pidgin. Chanzo kilikuwa mvutano wa muda mrefu kuhusu jina na kampuni ya Marekani ya AOL, iliyokuwa na huduma yake iitwayo AIM. Toleo la 2.0.0 likatoka mwezi Mei likiwa na jina jipya na nembo ya njiwa wa zambarau. Watu waliona njiwa. Mimi nawavulia kofia waliohamisha mzigo.

Kwenye Linux, mambo ya mtumiaji yalikaa katika kabrasha lililofichwa, .gaim: akaunti zake, marafiki zake, mazungumzo ya miaka mingi. Pidgin ilihamia .purple. Mvivu angemwambia mwenye mali aanze upya. Hawa waliandika msimbo wa kuhamisha, na ukiusoma utaona walivyoijua dunia. Kabla ya chochote, programu inaweka faili ndogo iitwayo migrating ndani ya kabrasha jipya, na kuifuta pale tu kazi inapokamilika. Umeme ukikatika katikati, programu ikiwashwa tena inaikuta ile faili, inajua kazi haijaisha, inaanza tena kuhamisha.

Faili za mipangilio zinanakiliwa, za zamani zinaachwa zilipo. Kumbukumbu za mazungumzo, ambazo huweza kujaza diski, hazinakiliwi: zinahamishwa, kisha pale zilipokuwa panawekwa kiungo kinachoelekeza makao mapya. Maana yake, anayeirudia Gaim anayakuta mazungumzo yake. Nani aliwadai ukarimu huo? Hakuna.

Wasimamizi wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, nao wana desturi yao: kifurushi kikibadilishwa jina, huacha kifurushi kitupu chenye jina la zamani, ambacho kazi yake pekee ni kukivuta kile kipya.

LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, wao wamechagua kutohama kabisa. Mradi huo ulizaliwa mwaka 2010, mwaka uleule Oracle ilipoimeza kampuni ya Sun, ulikotoka msimbo wake, lakini makro zake hadi leo zinaita vitu kwa jina la com.sun.star. Inachekesha kidogo, kubeba jina la marehemu namna hiyo. Ila kulifuta ni kuvunja makro zilizoandikwa na makarani ambao huenda walishastaafu, na afadhali jina baya kuliko hati isiyofunguka.

Hata amri ya soffice, iliyobaki tangu enzi za StarOffice, mtangulizi wake, bado ipo. Kama una LibreOffice kwenye Linux, iandike kwenye terminali ubonyeze Enter. Kwa kawaida itafunguka.